Harusi za Mwanza ziombe mikono, si fedha peke yake

Msiba ukitokea Mabatini au Igogo, hakuna anayesubiri kikao. Kufika saa tatu asubuhi turubai la kikundi limeshafungwa, viti vimeshushwa, kina mama wameingia na unga, visu na masufuria yao, vijana wanapandisha madumu ya maji mlimani, na mwenye mwandiko mzuri amekalishwa mlangoni na daftari la rambirambi. Mwenye fedha anatoa fedha. Asiyekuwa nazo anakata vitunguu, na mchana anakula pamoja na wenzake bila mtu kumuuliza ametoa kiasi gani.

Ije harusi katika nyumba hiyohiyo. Kamati inaundwa, kadi za mchango zinachapishwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa na kila jioni mweka hazina anabandika majina ya walioahidi na ya waliokwisha kutoa. Kiwango kinatajwa: kiasi hiki kadi ya mtu mmoja, kikipanda kadi ya wawili. Shangazi wa bibi harusi anayesuka mikeka kule Ukerewe anahesabiwa kuwa hajachanga. Dada wa nyumba ya pili, aliyepika msibani siku zote za matanga, anaisikia harusi kwa muziki tu, akiwa barabarani.

Jambo hili linaniuma. Mazungumzo ya siku hizi kuhusu harusi za kujitengenezea wenyewe, yaani mapambo ya mikono, kadi za kuchora nyumbani na sherehe ya bibi harusi na rafiki zake sebuleni, huwa yanaanzia kwenye gundi na riboni. Mimi naona yaanzie kwenye daftari la kamati. Kazi ya mikono isipokuwa na safu yake katika daftari hilo, ubunifu wote unaobaki ni wa dukani.

Kwanza hesabu, maana wengi huingia kwenye mapambo ya mikono wakitafuta nafuu. Chukua harusi ya watu 300, meza za watu kumi kumi. Hizo ni meza 30. Bibi harusi na rafiki zake wakikesha wakikunja maua ya karatasi ya meza zote, wameokoa kifungu kimoja cha bajeti, tena kidogo. Ukumbi, chakula na vinywaji vimebaki palepale. Lakini kamati ikikubaliana kuwa usiku wa ukumbini ni wa watu 200, meza kumi zimeondoka, na kila moja imeondoka na kitambaa chake, pambo lake, viti vyake, sahani zake kumi na chupa zake zote.

Najua jibu litakalokuja: kwetu watu hawapunguzwi. Usukumani ndoa ni ya koo mbili. Ng'ombe wa mahari hutoka kwa baba wakubwa na wajomba, na hao utawaacha nje ya geti kwa sababu ya kadi? Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi watu wapunguzwe. Napendekeza shughuli igawanywe. Chakula cha mchana baada ya ibada kiwe cha nyumbani, chini ya maturubai ya majirani, kwa masufuria yaleyale ya kikundi yanayopika misibani, na kisiwe na kadi. Mchana hauhitaji taa wala jenereta. Anayetaka sherehe ya usiku aifanye kwa ukubwa anaoumudu, na asiyetaka amekwisha kuoa kwa heshima zote kufikia saa kumi jioni.

Hapo ndipo mikono inapopata kazi, na kazi hiyo si ngeni kwetu. Bugobogobo, ngoma tunayoishangilia Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, ni ngoma ya majembe. Ilizaliwa shambani, kundi zima likilima huku ngoma ikiwapa mwendo. Watu waliozoea kulima hivyo hawashindwi kupamba uwanja.

Sasa mapambo yenyewe. Picha nyingi tunazozipitisha kwenye simu zimetoka Marekani na Uingereza: mitungi ya kioo yenye maua, vipande vya gunia juu ya meza, mbao chakavu zilizoandikwa kwa chokaa. Kule mtungi ule ni wa bibi anayehifadhi matunda ya msimu, na gunia limetoka ghalani. Walichukua kilichokuwa kimelala nyumbani wakakipa siku moja ya sherehe. Sisi tunachukua picha, kisha tunakwenda mjini kununua mitungi mipya na gunia jipya ili tufanane na picha. Gharama imepanda, na chetu bado kimelala ghalani.

Chetu ni kipi? Nitaanza na mikebe. Makoroboi, katikati ya jiji, ni mahali ambapo mafundi wamekuwa wakigeuza bati chakavu kuwa taa za mafuta, miiko na vyombo vingine vya nyumbani. Mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa matundu kwa msumari, ukiwekwa mshumaa mfupi ndani, unatoa mwanga mzuri sana, na kuta zake zinaukinga mshumaa na upepo. Kazi hiyo inafanywa na watoto wa darasa la tano kwa alasiri moja, mtu mzima akiwasimamia na kuzipiga nyundo kingo zenye ncha. Siri ndogo: jaza mkebe maji na mchanga kabla ya kutoboa, vinginevyo utabonyea.

Nyavu nazo zipo tele. Wavu wa zamani ukitundikwa nyuma ya meza ya maharusi, vitaa vidogo vikapitishwa katika macho yake, ni pazia ambalo hakuna duka linaliuza. Uanze kulowekwa kwa sabuni na kuanikwa juani wiki mbili kabla, kwa sababu harufu ya samaki haiondoki kwa kusuuza mara moja. Na tafadhali, zile nyavu za timba, za uzi mmoja wa plastiki, zilizokatazwa zisipewe soko jipya kwa jina la mapambo.

Kuna pamba. Eneo hili lote limelishwa na kuvikwa na pamba kwa miaka mingi, na bado sijui kwa nini tunaagiza maua ya plastiki kupamba harusi za watoto wa wakulima wa pamba. Matawi makavu yenye vitumba vilivyopasuka, yakisimamishwa kwenye chungu, yanakaa wiki nzima bila kunyauka wala kuhitaji maji. Msimu wa kuvuna unaangukia kiangazi, wakati uleule harusi zinapopamba moto. Kinachotakiwa ni kuzungumza na mjomba wa Magu au Kwimba kabla hajang'oa shamba, na baada ya sherehe matawi yachomwe, kwani masalia ya pamba yanatakiwa kung'olewa na kuteketezwa ili wadudu wasivuke hadi msimu unaofuata. Pambo hilo halibakizi takataka.

Mafunjo ya kandokando ya ziwa yanafaa kwa urefu wake, mlangoni na pembeni mwa jukwaa, ila yakatwe asubuhi ya siku yenyewe. Gugumaji, ambalo limetusumbua tangu lilipoonekana ziwani mwaka 1989, husukwa vizuri likishakauka, lakini kukausha na kusuka ni kazi ya wiki nyingi. Kama hamna msukaji katika ukoo, liacheni.

Kwa pambo lolote nina swali moja la kulipima: keshokutwa litafanya kazi gani? Doti za khanga zikitandikwa mezani, Jumatatu zinakwenda kwa kina mama waliopika. Vitambaa vya kufuma, vile ambavyo mama zetu hufunikia makochi, vikifumwa na rafiki za bibi harusi kwa miezi miwili, vinapamba meza kuu kisha vinahamia sebuleni kwa maharusi. Miche ya maembe na michungwa katikati ya meza inaondoka na wageni. Puto halina keshokutwa.

Kicheni pati ndipo mageuzi yanapoweza kuanzia hata mwezi huu. Kwa sasa kina mama wanavaa sare, ukumbi unakodiwa, mshereheshaji analipwa, chakula kinaletwa na mpishi wa kukodi, zawadi zinapita kwa kucheza, na binti anaondoka na seti nne za masufuria yanayofanana. Siku nzima imeitwa kwa jina la jiko, na moto haujawashwa.

Uwashwe. Shughuli ihamie uani, mafiga matano na majiko ya mkaa mawili, na kila mwanamke mkubwa apewe chungu chake. Mmoja amfundishe binti kumchagua sato pale Mwaloni Kirumba: macho maangavu, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Mwingine amwonyeshe namna ya kumchemsha kwa nyanya na ndimu bila kumvunja. Shangazi wa Ukerewe asonge ugali wa muhogo. Bibi alete michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, aeleze kipi hukaushwa kibichi na kipi huchemshwa kwanza, kwa sababu mabinti wengi waliokulia Nyegezi na Pasiansi wanavila bila kuvitofautisha. Kitakachopikwa ndicho kitakacholiwa. Rafiki mmoja aandike kila pishi katika daftari gumu kwa maneno ya mpishi mwenyewe, na mwingine arekodi sauti kwenye simu. Daftari hilo litatumika jikoni miaka mingi baada ya keki kusahauliwa, na sauti ya bibi itakuja kuwa na thamani ambayo sasa hatuijui.

Mafunzo mengine ya ndoa, yale ya somo na mwali, yarudi chumbani. Sipendi kuyasikia kwenye spika mbele ya watu mia, mengine yakirushwa mitandaoni kabla binti hajafika kwake. Mazungumzo hayo yana uzito kwa sababu ni ya watu wachache wenye kuaminiana.

Kuhusu zawadi, dawa ya masufuria yanayofanana ni orodha inayogawanywa mapema na somo: nani mwiko na kinu, nani mapipa ya unga, nani mtungi wa gesi, nani mashuka. Kila kitu kifungwe kwa khanga au kiwekwe kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kikapu kinabaki na kazi sokoni. Kwa wale marafiki wanaofanya sherehe yao ndogo pembeni, au begi pati, hayohayo yanatosha kwa kipimo chao.

Tarehe sasa. Hapa kando ya ziwa tuna kalenda ambayo hakuna mwandaaji wa harusi anayeifundisha kwenye simu, na wavuvi wetu wanaijua kwa kichwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haiwavuti, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, yaani tarehe 13 hadi 15 za mwezi wa Kiislamu, ndiyo Jumamosi ambayo ndugu wa visiwani na wa mialoni wana nafasi ya kuja, na hata ya kufanya kazi. Usiku huohuo una mwanga wake wa bure. Jua la Mwanza huzama upande wa ziwa karibu na saa moja kasoro jioni, mwaka mzima kukiwa na tofauti ndogo, na mwezi mpevu huchomoza upande wa pili muda huohuo. Atakayepanga picha zake kwenye mawe ya Capri Point kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu atapata mwanga wa dhahabu bila taa yoyote ya kukodi.

Faida nyingine ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kwa makundi mazito, kwa mbali ukidhani ni moshi juu ya maji. Makundi hayo hutokea zaidi katika siku za mwezi mwandamo, nao hufuata taa. Sherehe ya uwanjani yenye balbu nyingi usiku wa giza inaweza kuharibika kwa dakika kumi, wadudu wakijaa kwenye keki na kwenye shela. Mwezi mpevu unapunguza hatari hiyo.

Mvua kila mtu anaijua: masika Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba. Ndiyo maana Juni hadi Septemba kumbi hugombewa, na pamba ikishauzwa mifuko nayo imetulia. Uwanja wa nyumbani hauna foleni.

Ila uwanja wa nyumbani una masharti yake katika jiji la mawe. Kigingi cha turubai hakiingii kwenye mwamba, kwa hiyo andaeni ndoo au viroba vya mchanga, viwili kwa kila nguzo. Mchana upepo hutoka ziwani na huongezeka alasiri, na chochote chepesi kitaruka. Kadi za majina mezani zikandamizwe kwa kokoto laini, na kama mna mtoto mwenye mkono mzuri, majina yaandikwe kwenye kokoto zenyewe. Nyumba zilizo juu mlimani hazifai kwa wazee wala kwa gauni refu. Ombeni uwanja wa parokia au wa jirani aliye bondeni, hata kama mandhari ya juu ni nzuri zaidi.

Kwa wenye ndugu Sengerema na Geita, mambo yamerahisika tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa. Ni takriban kilomita tatu juu ya maji, na foleni ya kivuko imekwisha. Zamani msafara wa maharusi uliweza kukwama ng'ambo na mchungaji akisubiri madhabahuni. Leo wapishi wa Sengerema wanaweza kuondoka alfajiri na masufuria yao wakawa Mkolani kabla ya chai.

Yapo mambo ambayo mikono ya ndugu isiyaguse. Nyaya za umeme ni za fundi umeme. Kilo nyingi za samaki na nyama zinataka mpishi mmoja mzoefu mwenye kauli ya mwisho juu ya moto na barafu, hata kama wasaidizi wake wote ni mashemeji. Na msafara wa boti kwa ajili ya picha, jambo ambalo vijana wanalipenda mno, usifanywe bila chombo kilichosajiliwa, maboya ya kuokolea kwa kila mtu, na idadi inayohesabiwa kwa sauti kabla ya kung'oa nanga. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 walifariki. Watu wa ziwa hili hawana sababu ya kujaza mtumbwi kwa ajili ya picha.

Kazi nyingine zote ziandikwe. Katibu achore safu tatu katika kikao cha kwanza: fedha, mali, kazi. Katika safu ya mali aandike mikungu ya ndizi, gunia la mchele, mkopo wa viti 50. Katika safu ya kazi aandike jina, kitu chenyewe na tarehe ya kukabidhi: mikeka minne, ifike Alhamisi, mikebe 60 iliyotobolewa, ifike Jumatano, watu sita wa kuosha vyombo, Jumamosi saa tisa. Kazi isiyo na tarehe itamwangukia bibi harusi usiku wa Ijumaa, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika harusi za kujitengenezea: binti anafika kanisani macho mekundu kwa kukesha akibandika. Ufuateni utaratibu wa serikali pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, na siku hizohizo ni mpaka mzuri wa kumaliza kila kitu cha karatasi, kitambaa na bati. Baada ya hapo vibaki vya kupika na vya kukatwa shambani tu.

Aliyetimiza kazi yake apate kadi sawa na aliyetoa fedha. Sharti hili lisipowekwa mwanzoni, mengine yote niliyoyasema yatageuka kuwa njia ya kuwatumikisha maskini wa ukoo bure huku wenye uwezo wakikaa meza za mbele. Na siku ya kuvunja kamati, katibu asome safu zote tatu.

Linabaki suala la wapambaji, ambao wengi ni wanawake waliojenga biashara zao kwa jasho, na sitaki hoja yangu iwanyime riziki. Aitwe mpambaji mmoja, alipwe kwa ujuzi: nusu siku wiki mbili kabla ya kuonyesha kundi namna ya kufunga vitambaa na kupanga matawi, na asubuhi moja ya kusimamia uwanjani. Hatakodi gari, hatabeba viti, hatadaiwa vitambaa vilivyochanika. Kwa utaratibu huo mpambaji wa Kirumba anaweza kuchukua harusi mbili Jumamosi moja, ya Ilemela asubuhi na ya Butimba mchana, na familia ambazo zisingemwita kabisa zikamudu kumlipa.